Mirambo
Mtemi Mirambo (takriban 1840 – 2 Desemba 1884) alikuwa mtawala wa Wanyamwezi. Wilaya ya Urambo katika mkoa wa Tabora, Tanzania, inakumbuka jina lake.

Alirithi utemi mdogo wa Uyowa. Kwa kutumia rugaruga, vijana wapiganaji wenye bunduki, aliteka nchi za jirani akatoza hongo misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji.

Mwaka 1871 wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, pamoja na Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, walikusanya jeshi ili wamwondoe. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta David Livingstone, alijiunga nao. Waliteka boma la Wilyankuru, lakini Mirambo alitoka na watu wake akawavizia njiani waliporudi na pembe za ndovu na mateka. Kiongozi wao, Soud bin Said, aliuawa.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe. Sehemu ya mji ilichomwa, na mfanyabiashara Khamis bin Abdullah aliuawa alipotoka kumkabili. Mpango wa kumwondoa ulivunjika. Njia ya Ujiji ilifungwa, na Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini.

Vita viliendelea miaka kadhaa kabla ya pande mbili kupatana. Mwaka 1876 Mirambo na Stanley walichanjiana udugu.

Baada ya kifo chake dola lilisambaratika upesi, kwa kuwa lilitegemea uwezo wake mwenyewe wa kuwaongoza rugaruga.