Habari za Adrien Atiman, Mganga wa Karema



Kila mwaka shule zinapofunguliwa, wazee wa sharika zetu za huku Ufipa hutuletea shauri lile lile. Mtoto wa mjane fulani amefaulu. Ada ya serikali imekwisha kuondolewa, ya shule ya msingi hata kidato cha nne tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Lakini mtoto hana sare wala madaftari, chakula cha mchana hana, na kwao wanamhitaji shambani wakati wa kupalilia mahindi. Kumwanzisha twaweza, sadaka ya Jumapili moja au mbili yatosha. Mwaka wa pili na wa tatu ndio unaotushinda, kwa kuwa watu hupenda kumwona mtoto akiingia shuleni siku ya kwanza, kisha wakamsahau.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandika habari za mtu mmoja ambaye hakuwa wa Kanisa letu, wala hakuzaliwa katika nchi hii, lakini alifanya kazi maisha yake yote katika nchi iliyo chini ya milima yetu, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na mji wa Timbuktu, penye mto mkubwa wa Naija, upande wa magharibi wa Afrika. Alipokuwa angali mtoto mdogo Watuareg walimkamata, wakamtenga na wazazi wake, wakamvusha jangwa la Sahara ili wamwuze. Baba yake na mama yake hakuwaona tena. Mwaka 1876 wamisionari wa Kanisa la Kirumi, wale waitwao Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha huko Metlili, katika nchi ya Aljeria.

Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Katika miaka ile ile njaa kubwa ilikuwa imeua watu wengi katika Aljeria, na mayatima walikuwa wakizagaa njiani. Lavigerie akawakusanya kwa mamia, akawalisha na kuwafundisha. Basi Atiman aliingia katika nyumba iliyokwisha kuzoea kulea watoto wasio na mtu. Msomaji afikiri kidogo: kijana huyu hakuwa na mjomba wa kumwuzia mbuzi, wala ukoo wa kumchangia, wala shamba la kurudia kama masomo yakimshinda. Siku ambayo wafadhili wangechoka, angebaki mikono mitupu katika nchi ya kigeni. Lakini hawakuchoka.

Mwaka 1881 Lavigerie alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ambacho katika Matendo ya Mitume kinaitwa Melita, mahali Mtume Paulo alipovunjikiwa na chombo na kuwaponya wagonjwa. Akawaweka humo vijana wa Kiafrika waliokombolewa, wajifunze udaktari katika Chuo Kikuu cha kisiwa kile. Hatusemi kwamba alifanya hivyo kwa huruma tu. Aliona ya kuwa Wazungu aliowapeleka Afrika ya kati walikuwa wakifa upesi kwa homa, akataka waganga Waafrika ambao pia wangekuwa wakatekista. Wako wanaomlaumu kwa kuwachagulia vijana kazi kabla hawajaweza kuchagua wenyewe, na lawama hiyo haikosi haki. Hata hivyo sisi tuliokwisha kuona watoto wakirudishwa nyumbani katikati ya masomo twaona jambo moja la kumsifu: alifanya hesabu ya safari nzima, si ya siku ya kwanza tu.

Hesabu yenyewe ilikuwa nzito. Tangu kukombolewa hata kuondoka Malta ni miaka 12. Kwa miaka hiyo yote palihitajika chakula, nguo, vitabu na mahali pa kulala, na fedha zilitoka kwa Wakristo wa Ulaya ambao wengi wao hawakuuona uso wake kamwe. Kama wangeacha katika mwaka wa nane, Atiman angekuwa kijana aliyesoma kidogo, asiyeweza kutibu hata jeraha.

Mwaka 1888 alitumwa huku kwetu, akasafiri kwa miguu toka pwani pamoja na wamisionari, akafika Karema mwaka 1889. Karema palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao walikuwa wamewaachia Mapadre mwaka 1885. Mwaka ule ule wa kufika alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa Wabende, na kwa ndoa hiyo mgeni akawa mwenyeji. Mwana wao Joseph alisoma mpaka mwisho wa masomo yake, akapewa upadre mwaka 1923. Hivyo mtoto aliyesomeshwa na wageni alimwona mwanawe naye akimaliza.

Kazi ya Atiman haina visa vingi vya kusimulia, maana ilikuwa ile ile kila siku: kutibu vidonda na homa, kwenda vijijini kuwatazama wasioweza kutembea, na kufundisha dini. Serikali ya Wajerumani ilikuja ikaondoka, ikaja ya Waingereza, naye yupo pale pale na dawa zake. Hakurudi Timbuktu. Alipokuwa mzee aliandika habari za maisha yake, nazo zikachapishwa mwaka 1946. Alipewa pia nishani, ingawa sisi twadhani wagonjwa wa Karema hawakuzihesabu.

Wakati wa uhai wake Karema ndipo palipokuwa makao ya maaskofu wa Kirumi wa nchi hii yote pamoja na Ufipa. Baadaye, mwaka 1969, jimbo likaitwa kwa jina la Sumbawanga. Tangu mwaka 2012 Karema imo katika Mkoa wa Katavi, na watoto wengi wa shule zetu hawajapata kusikia habari zake.

Alifariki mwaka 1956 huko Karema, umri wake ukiwa yapata miaka 90. Alikuwa amewatibu watu wa ziwa kwa miaka 67, kwa elimu iliyolipiwa na wengine kwa miaka 12.