Lilias Armstrong na sauti ya sentensi

Anayesoma fonolojia ya Kiingereza hukutana na jina la Daniel Jones mapema. Jina la Lilias Armstrong, aliyefanya kazi karibu naye kwa miaka ishirini hivi, hulikuta kwa kuchelewa, tena mara nyingi katika tanbihi. Kwangu mimi, mwalimu wa lugha ana mengi ya kujifunza kwake kuliko kwa Jones.

Alizaliwa mwaka 1882 huko Pendlebury, karibu na Salford, kaskazini mwa Uingereza, binti wa mchungaji. Mwaka 1906 alipata shahada ya Kifaransa na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Leeds, kisha akafundisha shule za msingi huko East Ham, London. Jambo hili tusilipite haraka. Fonetiki aliisoma akiwa bado mwalimu wa darasani, saa za jioni, na mwaka 1918 ndipo alipoingia kazini katika idara ya Jones, University College London. Alijua mtoto hukosea wapi kabla ya kujua nadharia inasema nini.

Mwaka 1926 alitoa pamoja na Ida Ward kitabu cha mafunzo ya kiimbo cha Kiingereza. Njia yao ni nyepesi mno: silabi yenye mkazo huandikwa kwa kistari, isiyo na mkazo kwa nukta, na alama hizo hupandishwa au kushushwa kufuatana na sauti. Mitindo mikuu ni miwili tu, mmoja huishia kwa kushuka, mwingine kwa kupanda. Wataalamu waliofuata walilalamika kwamba miwili haitoshi, na kwa upande wa nadharia wana haki. Lakini mimi namfikiria mwalimu wa sekondari pale Bengamisa, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Banalia, mwenye ubao na chaki tu. Kiingereza alikipata kupitia Kifaransa. Kila silabi anaipa irabu yake kamili, na mwanafunzi wake atasema kila neno sawasawa bila sentensi kueleweka. Nukta na vistari anaweza kuvichora kesho asubuhi. Mitindo kumi na miwili hataichora.

Tena masikio ya wanafunzi wetu si matupu. Katika Kilingala, moto ni mtu au kichwa kutegemea toni ya silabi ya mwisho, na ngoma za Walokele husafirisha habari kwa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kazi ya mwalimu ni kuwaeleza kwamba katika Kiingereza kupanda na kushuka hakubadilishi neno, bali nia ya msemaji. Sehemu ngumu, yaani kusikia, wanayo tayari.

Armstrong mwenyewe alipita njia hiyo kwa upande wa pili. Sikio alilolinoa kwa Kiingereza alilipeleka Afrika bila kutoka London: mwaka 1934 alitoa uchambuzi wa sauti za Kisomali, kisha akaingia Kikuyu. Aliyemtamkia maneno ya Kikuyu alikuwa Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi London, aliyelipwa na idara hiyo kati ya 1935 na 1937. Neno baada ya neno, Armstrong aliyapanga katika makundi kufuatana na toni. Waliokuja baadaye walieleza mfumo huo kwa namna nyingine, lakini data yake waliendelea kuitumia.

Hakukiona kitabu. Alifariki Desemba 1937 kwa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 55, na mswada ukiwa karibu kwisha. Beatrice Honikman aliusimamia mpaka ukachapishwa mwaka 1940. Kwenye jalada lipo jina la Armstrong peke yake. La Kenyatta, ambaye sauti yake ndiyo iliyochambuliwa humo, halipo.