Muuguzi aliyebuni kitufe cha dharura cha nyumbani

MLANGO unabishwa usiku wa manane. Aliyemo ndani yu peke yake, na hana njia ya kumtambua anayebisha ila kwa kuusogelea mlango ule ule anaouhofia. Akiufungua huenda akajitia mashakani. Asipoufungua huenda akamnyima msaada jirani mwenye shida. Hilo ndilo tatizo lililomkera Marie Van Brittan Brown, muuguzi Mmarekani mweusi aliyeishi katika jiji la New York, hadi akaamua kulitafutia ufumbuzi katikati ya miaka ya 1960.

Ufumbuzi aliouasisi kwa ushirikiano na mumewe, Albert L. Brown, ndio chimbuko la mitambo ya kisasa ya kulinda nyumba kwa kamera, kipaza sauti na kitufe cha kuomba msaada. Hivi leo, kuanzia viunga vya New York hadi mitaa ya Nairobi na Mombasa, kuna watu wanaolala wakiwa na kitufe cha aina hiyo karibu na kitanda. Wengi wao hawajui kwamba aliyetangulia kukiweka mahali hapo alikuwa mama wa watoto wawili aliyechoshwa na hofu.

Marie alizaliwa Oktoba 30, 1922 katika mtaa wa Jamaica, wilaya ya Queens, jijini New York. Mtaa huo usichanganywe na kisiwa cha Jamaica kilichoko katika bahari ya Karibi. Majina tu ndiyo yaliyogongana. Alikulia huko, akaolewa na kulea watoto wake huko, na hatimaye akafariki huko Queens. Hakuwa mhandisi wala mwanasayansi wa chuo kikuu. Alikuwa muuguzi, kazi ambayo haijui mchana wala usiku.

Mumewe naye alikuwa fundi wa vifaa vya elektroniki. Zamu za wawili hao hazikulingana. Aghalabu mmoja alikuwa kazini ilhali mwenzake yuko nyumbani, na si mara moja Marie alijikuta peke yake nyakati ambazo majirani walikuwa wamekwisha kulala.

Hofu yake haikuwa ya kujitakia. Katika miaka hiyo ya 1960 uhalifu ulikuwa ukiongezeka kwa kasi jijini New York, na wakazi wa mtaa wao walilalamika kwamba polisi walichelewa kufika walipoitwa. Isitoshe, hapakuwa na nambari moja fupi ya simu ambayo kila mwananchi angeikumbuka hata akitetemeka. Nambari ya dharura ya 911 ilianza kutumika Marekani mnamo Februari 1968, katika mji mdogo wa Haleyville jimboni Alabama, na ikafika New York baadaye mwaka huo huo. Kabla ya hapo, aliyevamiwa alilazimika kukumbuka nambari ndefu ya polisi au kumwomba mhudumu wa simu amuunganishe.

Tukio moja lililotikisa jiji zima lilitokea katika wilaya hiyo hiyo ya Queens. Mnamo Machi 13, 1964, mwanamke kijana aitwaye Kitty Genovese aliuawa kwa kisu karibu na nyumba alimokuwa akiishi, katika mtaa wa Kew Gardens unaopakana na Jamaica. Magazeti yalidai kwamba watu 38 walishuhudia na hakuna aliyenyanyua mkono wa simu. Uchunguzi wa baadaye ulibainisha kuwa idadi hiyo ilitiwa chumvi, na kwamba baadhi ya majirani walijaribu kusaidia. Hata hivyo, funzo moja lilibaki wazi: katika jiji kubwa, mtu anaweza kupiga kamsa hadi sauti ikamkauka na asipate wa kumwokoa.

Huku kwetu kamsa ni desturi ya tangu jadi. Mwizi akivunja boma, mwenye nyumba hupiga ukemi, jirani akaupokea na kuupeleka kwa mwingine, na kabla ya muda mrefu kijiji kizima kimetoka na marungu. Katika majumba ya ghorofa, ambako kila mlango umefungwa na kila mtu ana shughuli zake, mnyororo huo hukatika. Marie alihitaji njia nyingine ya kupaza sauti.

MTAMBO WENYEWE

Kengele za kuwatisha wezi hazikuwa jambo geni. Augustus Russell Pope wa jimbo la Massachusetts alipata hataza ya kengele ya umeme mwaka wa 1853, yaani hati ya kisheria inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya kazi yake. Edwin Holmes akainunua haki hiyo na kuifanya biashara kubwa. Nazo kamera zilizounganishwa na runinga kwa waya zilikuwa zimetumiwa na Wajerumani mwaka wa 1942 kutazama majaribio ya makombora. Lakini vifaa hivyo vya kutazamia vilikuwa vya jeshi, viwanda na wenye mali. Mwananchi wa kawaida nyumbani kwake alikuwa na kitasa, mnyororo wa mlango na tundu dogo la kuchungulia.

Marie na Albert walianza na tundu hilo hilo. Kasoro yake ilikuwa dhahiri. Kwanza, anayechungulia hana budi kusimama mlangoni, hatua chache tu kutoka kwa anayemwogopa. Pili, tundu moja haliwezi kumwona kila mtu: mrefu huonekana kifua, na mtoto haonekani kabisa.

Wakabuni mlango wenye matundu kadhaa yaliyopangwa kwa wima, moja juu ya jingine. La juu lilikuwa la kumwonea mtu mrefu, na la chini la kumwonea mfupi au mtoto. Nyuma ya matundu hayo, upande wa ndani, iliwekwa kamera moja ndani ya kasha. Mota iliipandisha na kuishusha kamera hiyo, ikawa inatazama kupitia tundu lolote ambalo mwenye nyumba alilichagua. Hivyo basi, badala ya kufunga kamera nyingi, kamera moja ikafanya kazi ya zote.

Picha zilirushwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye runinga iliyowekwa katika chumba kingine, mathalani chumba cha kulala. Mwenye nyumba aliweza kumtazama mgeni akiwa kitandani, bila mgeni kujua kama kuna mtu ndani. Fauka ya hayo, palikuwa na vipaza sauti vya pande zote mbili. Aliweza kumuuliza mgeni jina na haja yake, na kusikiliza jibu, huku mlango ukiwa umefungwa.

Baada ya kuona na kusikia, palibaki uamuzi, na hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya Marie. Alimwekea mwenye nyumba njia mbili mkononi. Ikiwa mgeni ni mtu wa heri, angebonyeza swichi na kitasa kingefunguka kwa mbali, bila yeye kuinuka. Ikiwa ni mtu wa shari, angebonyeza kitufe cha pili, na ishara ya hatari ingesafiri kwa redio hadi kwa polisi, kwa mlinzi au kwa jirani.

Kengele za siri zilikwisha kutumika katika mabenki. Upya wa mtambo wa Brown ulikuwa katika kuyaunganisha mambo yote manne, yaani kuona, kusikia, kufungua na kuita msaada, na kuyaweka mahali alipo yule aliye hatarini. Muuguzi anajua thamani ya mpangilio huo. Mgonjwa asiyeweza kuinuka huwekewa kengele karibu na mkono wake, si mlangoni kwa daktari.

HATAZA YA 1969

Mnamo Agosti 1, 1966 wawili hao waliwasilisha ombi la hataza kwa serikali ya Marekani. Jina la Marie lilitangulia la mumewe katika hati hizo, jambo lisilo la kawaida enzi hizo kwa mwanamke, seuze mwanamke mweusi. Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi katika ajira na katika maeneo ya umma ilikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Ombi lilichukua zaidi ya miaka mitatu kuchunguzwa. Hatimaye, Desemba 2, 1969, lilikubaliwa na kupewa nambari 3,482,037. Siku nne baadaye gazeti la The New York Times liliandika habari za wanandoa hao na mtambo wao. Marie alieleza wakati huo faida ambayo mwanamke aliye peke yake angeipata kwa kuwa na kitufe cha kuita msaada papo hapo. Matumaini ya wawili hao yalikuwa kuwavutia watengenezaji na wajenzi wa nyumba, ili mtambo uwekwe katika makazi mapya tangu yakijengwa.

Matumaini hayo hayakutimia. Kamera za wakati huo zilikuwa kubwa na ghali, na kuiunganisha na mota, runinga na redio kulihitaji fedha ambazo familia nyingi hazikuwa nazo. Wale waliouhitaji ulinzi huo zaidi, wakazi wa mitaa kama Jamaica, ndio hasa wasingeweza kuugharimia. Mtambo haukuingia viwandani kutengenezwa kwa wingi.

Sheria nayo haikumsubiri. Kwa utaratibu wa Marekani wa wakati huo, hataza ilidumu kwa miaka 17 tangu siku ya kutolewa. Ya akina Brown ilifikia kikomo mwishoni mwa 1986, wakati ambapo kamera ndogo za bei nafuu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuenea. Tangu hapo yeyote aliruhusiwa kutumia wazo hilo bila kumlipa mwenyewe hata senti. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Marie alichumia juani, lakini waliokula kivulini walikuwa wengine.

Hata hivyo, hati yake haikuzama katika kumbukumbu za serikali. Hataza zaidi ya 30 zilizotolewa baada yake zimeitaja kuwa miongoni mwa kazi zilizozitangulia. Kengele za mlangoni zenye kamera, zinazomwonyesha mgeni kwenye simu ya mkononi, zinafuata mkondo ule ule: tazama kwanza, zungumza, kisha uamue. Kilichobadilika ni ukubwa wa vifaa na bei yake.

Marie Van Brittan Brown aliaga dunia Februari 2, 1999 akiwa na umri wa miaka 76. Binti yake alifuata nyayo za mama kwa kuwa muuguzi na mvumbuzi. Sifa nyingi zilimjia mama huyo baada ya kifo chake, wakati wanahistoria walipoanza kufukua michango ya Wamarekani weusi iliyosahauliwa.

URITHI WAKE

Anayetaka kufunga kitufe cha dharura nyumbani angali na mengi ya kujifunza kutoka kwa mpangilio wa akina Brown. La kwanza ni mahali. Kitufe kilichowekwa ukutani karibu na mlango wa mbele hakimfai aliyevamiwa akiwa amelala. Sharti kiwe pale mkono unapofika gizani bila kupapasa. Ndiyo sababu mafundi hushauri kimoja kiwe kando ya kitanda, na kingine kidogo cha kubebwa mfukoni au kuvaliwa shingoni na wazee wanaoishi peke yao.

La pili ni ishara yenyewe. Mtambo unaotegemea umeme pekee hunyamaza stima zinapopotea, na huo ndio wakati wezi wanaoupenda. Betri ya akiba ni ya lazima, na inafaa ikaguliwe mara kwa mara. Kadhalika kitufe chenyewe kijaribiwe kila baada ya muda, baada ya kuwajulisha wanaopokea ishara, maana kilichokaa miaka bila kuguswa huenda kikakwama siku ya mkasa. Watoto na watumishi wa nyumbani nao wafundishwe lini kibonyezwe na lini kisibonyezwe, kwani kengele za uongo huwachosha waokoaji.

La tatu, na lililo kubwa kuliko yote, ni nani anayepokea. Nchini Kenya vitufe vingi havimfikii polisi moja kwa moja. Ishara huenda katika chumba cha uangalizi cha kampuni ya ulinzi, ambayo hutuma walinzi wake kwa gari. Nambari za simu za 999 na 112 hubaki kuwa njia ya kuwafikia polisi wenyewe. Mwenye nyumba anapaswa kujua kabla ya kutia sahihi ni nani atakayekuja, atatokea wapi, na atachukua muda gani. Marie alilijua jambo hilo vyema, kwani kuchelewa kwa waokoaji ndiko kulikomsukuma kuanza kazi hii. Ndiyo maana hakutegemea polisi pekee. Katika orodha yake ya watakaoisikia ishara alimjumuisha pia jirani.