Maisha ya Christy Mathewson, Mrushaji wa Mpira

Katika toleo hili tunapenda kuwajulisha mtu mwenye jina kubwa huko Marekani, lakini hapa kwetu wachache ndio waliosikia habari zake. Ni Christy Mathewson, mchezaji wa besiboli.

Kwanza tueleze ule mchezo, sababu kwetu sisi mpira ni wa miguu. Katika besiboli ekipe moja ina watu 9. Mmoja ni mrushaji: anarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu, na mpinzani anasimama mbele yake na fimbo ili aupige. Mpigaji akikosa mara 3, anatoka. Mrushaji akirusha vibaya mara 4, mpigaji anapewa njia ya bure. Mambo hayo yote Wamarekani wanayaandika katika vitabu: nani alishinda, nani alishindwa, wapigaji wangapi walitoka. Hata mchezaji akifa, pointi zake zinabaki pale, kama za buletini yetu ya mwisho wa mwaka.

Mathewson alizaliwa tarehe 12 Agosti 1880 kwenye mji mdogo wa Factoryville, jimbo la Pennsylvania. Mama yake alitamani awe mhubiri. Kijana alisoma katika Chuo Kikuu cha Bucknell, kisha akachagua mpira. Lakini alijulikana sana kwa jambo hili: hakutaka kucheza siku ya Mungu.

Mwaka wa 1900 aliingia ekipe ya New York Giants. Pointi zake za mwaka ule ni hizi: kushinda 0, kushindwa 3. Wakubwa wakamrudisha alikotoka. Je, angehukumiwa kwa buletini ile peke yake, nani angelijua jina lake leo? Mwaka wa 1901, akiwa tena na Giants, alishinda mara 20. Mwaka wa 1903 alishinda 30, mwaka wa 1904 alishinda 33, na mwaka wa 1908 alifika 37.

Oktoba 1905 Giants walipambana na Philadelphia Athletics kwa fainali kubwa ya nchi. Kwa siku 6 tu Mathewson alirusha mechi 3 nzima, na wapinzani hawakupata hata pointi moja. Hakuwa mtu wa nguvu peke yake, alikuwa na akili na uangalifu. Alikuwa na mpira mmoja wa pekee ambao ulipinda upande ambao mpigaji hakuutazamia, lakini hakuurusha ovyo, sababu ulichosha mkono. Mwaka mzima wa 1913 alitoa njia ya bure mara 21 tu. Jumla ya maisha yake yote: ushindi 373, kushindwa 188, wapigaji 2,507 waliotolewa.

Sasa tusikie habari za mdogo wake, Henry Mathewson. Yeye pia alikuwa mrushaji wa Giants, mwaka wa 1906 na wa 1907. Alicheza mechi 3 tu. Kushinda 0, kushindwa 1. Katika mechi moja ya 1906 alitoa njia za bure 14. Mama mmoja, damu moja, ekipe moja, lakini mmoja ana 373 na mwingine ana 0. Henry alikufa mwaka wa 1917 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 30. Vitabu vinatuambia alichofanya uwanjani, lakini havituambii alikuwa mtu gani nyumbani.

Tena tusifiche neno lingine. Wakati ule watu weusi walifungiwa mlango wa kampionati ile kubwa. Mlango ulifunguliwa mwaka wa 1947, Jackie Robinson alipoingia. Basi katika ule ushindi 373, Mathewson hakukutana na wapigaji weusi hodari wa siku zake. Majina yao hayamo katika hesabu ile, si kwa sababu hawakuweza, ila kwa sababu walikatazwa.

Mwaka wa 1918 Mathewson aliacha kazi ya kuongoza ekipe ya Cincinnati, akaingia jeshi, akawa kapiteni. Huko Ufaransa, katika mazoezi, alivuta gesi ya sumu. Baadaye akashikwa na kifua kikuu, ugonjwa uleule wa mdogo wake. Alitafuta nafuu milimani, Saranac Lake, akafariki tarehe 7 Oktoba 1925, akiwa na miaka 45. Siku ileile fainali kubwa ilikuwa inaanza. Mwaka wa 1936, wachezaji 5 wa kwanza walipochaguliwa kwa heshima kubwa ya mchezo ule, yeye alikuwa mmoja wao.

Ndugu wanafunzi, pointi ni za kweli, tusizidharau. Mwaka wa mtihani wa Serikali sisi wote tunazihesabu usiku na mchana. Lakini mwenye 0 ya kipindi cha kwanza asitupe daftari: ile 0 ya mwaka wa 1900 haikufutwa, iko bado kitabuni, juu kabisa ya zile 373. Na mwenye 80 asimcheke jirani yake, maana hata nyumba moja ilizaa Christy na Henry.