Frank Hornby: Karani aliyekopa pauni 5, akaipa dunia Meccano

Mwaka 1899 ulikuwa mgumu kwa Frank Hornby. Baba yake, mfanyabiashara wa vyakula mjini Liverpool, Uingereza, alifariki na biashara ikafungwa. Frank, aliyekuwa akishika hela za biashara hiyo, akajikuta hana kazi huku ana miaka 36, mke na watoto.

Akaajiriwa kuwa karani wa mahesabu kwa David Elliott, mwagizaji wa nyama hapo hapo mjini.

Hornby aliacha shule akiwa na miaka 16, na uhandisi hakuusomea popote. Ila mikono yake haikutulia, na nyumbani alikuwa na wavulana wawili, Roland na Douglas, waliopenda vitu vinavyotembea na kunyanyua. Liverpool ulikuwa mji wa bandari, kreni kila upande. Basi akitoka kazini anakata bati na kuwaundia wanawe madaraja, magari na kreni ndogo.

Shida ilikuwa moja. Watoto wakichoka na daraja, wanataka kreni. Wakipata kreni, wanataka gari. Kila kitu kipya kilimaanisha kupima upya, kukata upya, kutoboa upya, maana kipande cha daraja hakikuingia kwenye kreni.

Inasimuliwa kuwa dawa yake ilimjia akiwa ndani ya treni, akitazama kreni ikifanya kazi nje ya dirisha. Huenda hadithi imenogeshwa, lakini alichokifanya baada ya hapo kinajulikana. Alikata vipande vya shaba nyekundu vyenye upana wa nusu inchi, akavitoboa matundu ya ukubwa mmoja, kila tundu nusu inchi kutoka kwa jirani yake.

Ni jambo dogo ukiliangalia. Kumbe siri yote iko hapo. Matundu yakilingana, kipande chochote kinafungika na chochote kwa bolti na nati. Ukichoka na ulichojenga, unafungua na kuanza kingine kwa vipande vile vile. Tundu hilo hilo ukilipitishia ekseli, gurudumu linazunguka. Baba na mtoto waliweza kukaa sakafuni na spana na bisibisi, wakaunda kreni inayonyanyua mzigo kweli.

Sasa ikabaki hela. Ili kulinda wazo lake alihitaji hataza, na ada yake ilimshinda. Akamfuata bosi wake, Elliott akamkopesha pauni 5. Maombi yakawasilishwa Januari 1901. Elliott akampa na chumba cha kufanyia kazi, wakawa wabia.

Mwaka 1902 mchezo ukaingia sokoni kwa jina la Mechanics Made Easy. Wenye maduka hawakuuchangamkia sana, kwa sababu boksi lenyewe halikuvutia na bei ilikuwa juu. Kilichosaidia ni barua ya Profesa Hele-Shaw, mhandisi aliyefundisha chuo cha Liverpool, aliyeusifia. Hata hivyo faida ya kwanza ilionekana 1906. Hiyo ni miaka mitano ya kusubiri, kwa mtu mwenye familia.

Jina la Meccano lilisajiliwa 1907, na mwaka uliofuata Hornby akaanzisha kampuni. Elliott hakuendelea naye. Maskini, alijitoa pale pale mambo yalipoanza kunyooka.

Hornby alikuwa mjanja pia kwenye kuuza. Maboksi yalipewa namba, na kulikuwa na boksi dogo la nyongeza lililogeuza seti ya chini kuwa seti ya juu yake. Mzazi hakulazimika kununua kila kitu kwa mkupuo, ila mtoto naye hakukosa cha kuomba sikukuu ijayo.

Kosa lake kubwa ni kwamba matangazo yake yaliwalenga wavulana tu. Wasichana waliachwa pembeni, wakati bolti haichagui mkono.

Kiwanda kikubwa kilijengwa Binns Road, Liverpool, mwaka 1914. Jarida la Meccano likafuata 1916, treni za Hornby 1920, kisha magari madogo ya Dinky miaka ya 1930. Karani wa zamani akawa milionea, na 1931 akachaguliwa mbunge wa Everton.

Alifariki 21 Septemba 1936. Aliyeshika uenyekiti wa kampuni baada yake ni Roland, yule mtoto aliyekuwa akikatiwa bati nyumbani.

Kiwanda cha Binns Road kilifungwa 1979. Lakini wapenzi wa Meccano waliendelea kufunga vipande vya enzi za Hornby pamoja na vilivyotengenezwa miaka mingi baadaye. Matundu yanalingana, nusu inchi ile ile.