Ukoo wa David Livingstone

Sisi watu wa Buhigwe tukitelemka hata Ujiji, huonyeshwa mahali ambapo Bwana David Livingstone alikutana na Stanley mwezi wa Novemba 1871. Wengi wetu twazijua safari zake. Lakini katika nchi yetu ya Buha mtu hajulikani sawasawa mpaka ukoo wake umejulikana. Basi na tuulize: Livingstone alikuwa mwana wa nani?

Alizaliwa Blantyre, katika nchi ya Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Baba yake, Neil, alitembeza majani ya chai nyumba kwa nyumba. Mama yake, Agnes Hunter, alikuwa binti wa mshona nguo. Wazee wa upande wa baba walikaa Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi. Livingstone aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 kwamba mmoja wao, baba wa babu, aliuawa katika vita vya Culloden, mwaka 1746, akiwapigania wafalme wa ukoo wa kale. Babu yake alilima shamba dogo huko Ulva, lakini halikutosha kuwalisha watoto wengi, akahamia Blantyre penye kiwanda cha pamba. Katika kiwanda hicho David naye aliingia kazini akiwa na umri wa miaka 10.

Babu huyo alikuwa hodari wa kusimulia, akijua habari za vizazi sita. Katika hizo zote Livingstone alijivunia moja tu. Mzee mmoja wa kale, alipokuwa karibu kufa, aliwakusanya watoto wake akawaambia ya kuwa amezichunguza sana habari za ukoo wao, wala hakuona hata mtu mmoja mdanganyifu. Kwa hiyo mtoto atakayeshika njia za hila asisingizie damu ya wazee, maana hila hakuirithi kwao. Akawaachia agizo la uaminifu liwe urithi wao.

Wala umaskini hawakuuonea haya. Juu ya kaburi la wazazi huko Hamilton, David na ndugu zake waliandika shukrani kwa Mungu aliyewapa wazazi maskini na wacha Mungu. Yasemekana mtu mmoja alitaka iandikwe kwamba walikuwa maskini lakini wacha Mungu, Livingstone akakataa.

Tena yatupasa kusema jambo la huzuni. Robert, mwanawe wa kwanza, alilelewa miaka mingi mbali na baba yake. Alikwenda Marekani, akaingia vitani kwa jina lingine, Rupert Vincent, akamwandikia baba kwamba hakutaka kuliaibisha zaidi jina lake. Alitekwa, akafa kifungoni Desemba 1864, mwenye umri wa miaka 18.

Hadithi za ukoo zilimjenga David kwa sababu babu alikuwako nyumbani kuzisimulia. Robert hakuwa na baba wa kuketi naye. Basi sisi wenye watoto, jioni tuketi nao motoni, tuwaeleze wametoka kwa nani.