Banarasidas: Mfanyabiashara wa vito aliyevuka mpaka wa madhehebu

Banarasidas alizaliwa mwaka 1586 mjini Jaunpur, kaskazini mwa India, katika ukoo wa wafanyabiashara Wajaini. Kwao walikuwa Shvetambara, madhehebu ambayo watawa wake huvaa nguo nyeupe. Wajaini wengi wenye maduka Nairobi na Mombasa wana asili ya upande huo.

Ujanani alitapeliwa. Mtu aliyejifanya mtakatifu alimpa maneno ya siri ayasome chooni mwaka mzima, kisha kila siku angeokota sarafu ya dhahabu mlangoni. Mwaka ulikwisha, sarafu hakuiona.

Baadaye baba yake alimkabidhi vito, samli, mafuta na nguo akauze Agra. Vito alivyovifunga kwenye kamba ya suruali vilidondoka, vingine panya waliondoka navyo. Mtaji ulipokata, alikula kwa mkopo miezi kadhaa kwa muuza kachori, ambaye hakumsumbua. Deni hilo alilipa. Anayevusha mzigo mpakani anajua wakopeshaji wa namna hiyo ni wachache.

Ni huko Agra alikokutana na kitabu cha Kundakunda, mwanazuoni wa Digambara. Watawa wanaume wa madhehebu haya hutembea uchi, kwa kuwa hata nguo ni mali, na chakula hupokea viganjani. Hushikilia kwamba mwanamke hawezi kufikia ukombozi mpaka azaliwe tena mwanamume. Shvetambara hukataa, nao huamini kuwa mmoja wa viongozi wakuu 24 wa dini hiyo, Malli, alikuwa mwanamke. Sanamu zao huzipamba. Za Digambara huachwa bila mapambo.

Banarasidas alichukua kutoka kwa Kundakunda wazo kwamba roho ndiyo muhimu, si ibada za nje. Akapitiliza. Yeye na rafiki zake walidhihaki ibada, wakajifungia chumbani wakicheza utawa wakiwa uchi. Watu wakachukizwa. Mwaka 1635 mwanazuoni Rupchand alifika Agra, akawaeleza kuwa kila hatua ya safari ya roho ina kanuni zake, naye akatulia.

Kundi lake la Agra lilichangia kuzaliwa kwa Terapanthi, tawi la Digambara lililopinga mamlaka ya wakuu wa mahekalu na kutoa maua kwenye ibada.

Alioa mara tatu, akazika watoto wote 9. Mwaka 1641, akiwa na miaka 55, aliandika maisha yake kwa mashairi, akakiita kitabu hicho nusu ya hadithi, kwa hesabu kwamba mtu huishi miaka 110. Alifariki mwaka 1643.